Vidole na Wakuu Wake Wawili

Wateja walimwita Vidole, maana alimaliza kusuka kichwa kabla wao hawajamaliza umbea. Siku kioo cha saluni kilipomwangukia na kuchana msuli wa mkono wake wa kulia, dada yake ndiye aliyeukandamiza kwa taulo mpaka hospitali. Walimshona, nyuzi zikatolewa. Likabaki kovu nene, na vidole viwili vya mwisho vikagoma kukunjika. Msusi bila vidole ni nini?

"Likande hilo kovu kila siku, na vidole uvikunje," alisema mtaalamu wa viungo kule kliniki. "Ukiulaza mkono, kovu litagandamana na msuli."

Dada hakutaka hata kusikia. Tangu utotoni yeye ndiye mwenye kujua kila kitu.

"Msuli umeshonwa, wewe unataka kuuvuta? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Sawa, lakini wakuu wakiwa wawili? Vidole alichanganyikiwa kabisa. Akafanya kama watu wenye adabu kupita kiasi: aliwaitikia wote. Kliniki alisema anafanya mazoezi, nyumbani akasema anapumzika. Ukweli ni kwamba alilikanda kovu dada akitoka, na akaacha aliposikia mlango ukilia. Mkono ukimuuma, hakujua kama unapona au unaharibika. Mshika mbili moja humponyoka; yeye zilikuwa zinamponyoka zote.

Kovu likazidi kuwa gumu. Safari iliyofuata dada akamsindikiza kliniki.

"Mazoezi unafanya?" aliuliza mtaalamu.

"Nafanya."

"Mazoezi gani?" dada akadakia. "Huyu hata kijiko hajainua!"

Vidole akainama, aibu imemjaa. Mtaalamu akalibonyeza kovu, halikusogea.

"Mwanzoni ulifanya vizuri kuulinda, dada. Sasa msuli umeunga, unataka kazi. Aanze na nyepesi. Siwaahidi kitu."

Nyumbani dada akavuta kigoda, akaketi mbele ya mdogo wake na kuvua kilemba.

"Suka."

"Nikiziharibu?"

"Zitaota nyingine."

Vidole akagawa nywele. Alipokilazimisha kidole cha mwisho kikunjike, maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko.

"Dada, inauma. Haya ni yale maumivu mazuri au yale mabaya?"

Kichwa alichokishika Vidole kilikuwa kinatikisika, dada analia.

"Sijui, mdogo wangu. Sijui kabisa. Wewe suka."