Mikoba ya Dada Yangu Niliyoiita Takataka

Alhamisi tarehe 14 Juni 2012, kabla ya saa sita mchana, nilimpoteza dada yangu. Figo zilimshinda. Alinizidi miaka sita, na kati ya watoto wa mama yetu tulikuwa tumebaki wawili tu huku Johannesburg. Simu ilipolia nilikuwa Marshalltown kwenye cherehani yangu, napunguza suruali ya mlinzi wa ghorofa ya jirani. Nilimaliza upindo kwanza, ndipo nikapokea. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sikujua kama mtu anaweza kuwa na msiba na kinyaa kwa wakati mmoja. Nilijua siku ileile, kilipoletwa kitenge.

Kwetu Kongo ya mashariki wanawake wa msiba huvaa kitenge cha namna moja. Kuchagua alikwenda wifi yake dada, yaani dada mkubwa wa mume wake, mama mnene mwenye sauti ya kanisani. Alirudi na buluu yenye maua meupe, imebandikwa karatasi ya dhahabu iliyosema ni kitenge halisi cha nta. Nilikishika. Kilikuwa kikavu kama karatasi ya saruji, kimejaa wanga, kinanuka mafuta ya taa.

"Hiki kitachuja," nikasema.

"Mama, tuko na maiti ndani, weye unaleta mambo ya ufundi?"

Basi nikakichukua, nikashona magauni kumi na manne kwa siku mbili. Siku ya mazishi kulikuwa na baridi kali na tulivaa masweta juu, lakini kaburi lilikuwa mbali na lango, tukatembea, tukalia, tukatoka jasho. Tuliporudi nyumbani kwa dada, Bertrams, tukavua masweta. Wanawake kumi na wanne, wote shingo za buluu kama watu waliokabwa. Mama mmoja wa kanisa alijisugua kwa sabuni ya unga mpaka akachubuka. Kwapa zangu zilikaa na rangi ile siku nne. Nilikuwa najinusa usiku na kutamani kutapika, na dada yangu ndiye aliyekuwa amekufa.

Jeneza nalo. Mishikio ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Mmoja ulichomoka mkononi mwa mbebaji tukiwa bado mlangoni. Akautia mfukoni, akashika jeneza kwa chini. Niliona ndani ya ule mshikio: mweupe, mtupu, kama kifuniko cha chupa.

Sasa niseme kuhusu mikoba, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Dada yangu alikuwa msusi. Alisuka nywele kwenye kibaraza cha jengo moja, mtaa wa pili kutoka kwangu, kiti kimoja, kioo kimoja. Hakuwa mtu wa kula sana wala kulala sana. Mapenzi yake yalikuwa mikoba. Alikuwa nayo tisa, yote yenye alama za Ulaya, herufi kubwa zilizolaliana, minyororo, makufuli madogo. Aliwaambia wateja kwamba ni halisi, kuna mtu anayemletea kutoka Ulaya. Wateja walimwamini, au walimpenda tu. Mimi sikuweza kuamini kwa sababu ilikuwa ikija kwangu ikiumwa.

Mwekundu, ule mkubwa wenye herufi mbili za dhahabu, aliununua mwaka 2009. Dhahabu ilihamia vidoleni mwake wiki ya kwanza, na chini yake palikuwa na kijani. Bitana yake ilikuwa nailoni nyembamba kuliko mfuko wa taka, nayo imebandikwa kwa gundi, haikushonwa. Ukiufungua mkoba ule wakati wa joto, harufu ilikupanda puani kama kwamba kuna kitu kimefia ndani. Ule mweusi wa mnyororo ulianza kubabuka majira ya joto yaliyofuata. Si kuchanika, kubabuka, ngozi yake ya plastiki ikitoka vipandevipande kama nyayo za mtu mwenye fangasi. Vipande vilibaki kwenye mabega yake, kwenye shingo za wateja aliowainamia, na mara moja nilikiona kimoja ndani ya chai yangu. Mweupe uligeuka njano ukiwa umefungiwa kabatini, haujatoka hata siku moja. Zipu za ile mingine zote nilizibadilisha mimi. Hakuna hata moja iliyodumu kuliko embe lililoiva.

Nilimwambia. "Dada, tafadhali, nunua mmoja wa turubai nikushonee mwenyewe."

"Wewe una mikono, huna macho," alinijibu, akacheka.

Kulikuwa na wa kumi. Wa kahawia, mdogo, hauna herufi yoyote kwa nje. Alipewa mwaka 2010 na mteja wake, mwanamke wa ofisini aliyesukwa naye miaka mingi, alipokuwa anahama mji. Nilipoushika mara ya kwanza niliupeleka kwenye mwanga. Ngozi ya ng'ombe, nene, laini, imekatwa kwa kisu kizuri na kingo zimepakwa nta. Mshono umepita sawasawa, kila tundu na umbali wake, na kwenye pembe uzi umerudiwa kwa mkono. Jina la waliotengeneza lilikuwa ndani, dogo, limepigwa chapa kwenye ngozi yenyewe. Haukuwahi kuja kwangu kutengenezwa.

Na huo ndio dada yangu aliousema ni feki. Wakimuuliza alisema, "Huu? Nimeuokota barabarani, wa bei ya nyanya." Alisema hivyo kwa sababu ya vijana wanaopora pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, magari yanaposimama. Alisema hivyo zaidi kwa sababu ya wifi yake, ambaye hakuwahi kuona kitu kizuri bila kukiomba. Waliojua ukweli tulikuwa watatu: yeye, mimi, na binti yake.

Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alizaliwa hapa. Kiswahili chetu anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Jumapili dada alimwachia aubebe ule wa kahawia mpaka mlango wa kanisa, kisha akaurudisha begani mwake.

Kwa ukoo wa shemeji yangu, siku arobaini zikiisha nguo za marehemu hazilali tena ndani ya nyumba. Zinatandazwa sebuleni. Dada wa mume anachagua kwanza, kisha ndugu wa marehemu, kisha wanawake wa kanisa. Mtoto hachagui. Wanasema akiamkia vitu vya mama yake kila asubuhi hataacha kulia. Kinachokataliwa na wote kinatiwa kwenye mfuko wa taka, na wa kuubeba na kuutoa ni mdogo wa marehemu. Mdogo ni mimi.

Binti alilielewa hilo kabla yangu. Jumamosi ile ya kugawa alinikuta jikoni, akaniuliza kwa Kiingereza chake.

"Mama mdogo, na ule wa kahawia utatoka?"

"Vyote vinatoka."

"Lakini ule wasioutaka unaubeba wewe."

"Ndiyo."

"Basi sema kama mama alivyosema. Sema ni feki. Watautupa, utanipa."

"Nitaangalia."

"Usiangalie. Sema tu." Akanitolea kidole gumba, kama vijana wa huku wanavyopatana. "Sharp?"

"Sharp," nikamwambia, na gumba langu nikaligusisha na lake.

Tulikaa wanawake saba juu ya mikeka, hita ya mafuta ya taa katikati, na sinia la ndakala, vile visamaki vikavu, vilivyokaangwa kwa pilipili. Shemeji alikuwa nje na wanaume. Binti alisimama mlangoni pa chumba, mikono ndani ya mikono ya sweta.

Sijui nilitegemea nini. Labda heshima. Wifi alianza na magauni, akayageuza moja moja na kuyanusa kwapani. Akavijaribu viatu vya dada, miguu yake minene ikafurika pembeni kama unga uliozidi chachu. Mama mmoja alijibana kwenye koti la dada akazunguka mbele yetu, na mwingine akamwambia, "Geuka tuone, mama, hapo nyuma kumebaki Kongo nzima!" Wakacheka, mikono yao inametameta mafuta ya samaki. Koti lile nililijua. Lilijazwa pamba ya takataka, iliyoshuka yote chini, juu pakabaki kitambaa kitupu. Dada alikaa nalo majira mawili ya baridi akitetemeka.

"Hilo koti halifai," nikasema. "Halina kitu mabegani."

"Ah, fundi ameamka! Haya, fundi, tuambie vya kweli na vya uongo, tusije tukabeba aibu."

Hapo nilipaswa kunyamaza. Sikunyamaza. Nilikuwa nimekaa siku arobaini bila kusema neno, na kinyaa kilikuwa kimenijaa mpaka kooni. Nikavuta kile kilichokuwa karibu. Gauni la sherehe: nikawaonyesha mshono wa ndani, uzi mmoja, ukiuvuta gauni zima linafunguka. Nikauvuta, likafunguka. Viatu: soli ya kadibodi, nikaikunja ikavunjika. Mwekundu wa herufi: nikausugua kwa kidole nikawaonyesha kijani. Mweusi nikaukung'uta juu ya mkeka ukamwaga magamba, wakarudisha miguu. "Takataka," nikasema. "Takataka. Na huu takataka. Mtu alikaa akatengeneza hiki akijua kitaoza, na mtu akaweka herufi juu, na dada yangu akakibeba kama mtoto mchanga." Walicheka mwanzoni. Kwenye mkoba wa sita hawakucheka tena. Nilikuwa namvua nguo dada yangu mbele ya watu, mimi mwenyewe, na nilikuwa naona raha.

Mfuko wa taka ulikuwa umejaa nusu wifi alipovuta ule wa kahawia kwa vidole vyake vya samaki.

"Na hii sakoshi?" Ndivyo tunavyouita mkoba kwetu. "Marehemu alisema aliiokota. Nayo takataka?"

Binti alikuwa ananitazama. Neno lilikuwa fupi. Nilikuwa nimelisema mara tisa, la kumi lingetoka lenyewe.

Niliuchukua kutoka kwake nikafuta mafuta kwa upindo wa gauni langu. Ngozi ilikuwa imelainika zaidi tangu nilipoushika, imechukua umbo la ubavu wake. Nikaona ule uzi wa pembeni uliorudiwa kwa mkono. Nimefanya kazi ya uzi miaka kumi na tisa, nami sijawahi kushona kitu kizuri hivyo. Na nikaona sebule ile, vitu vyote vya dada yangu vimelala vimevunjika, na wanawake wanangoja niseme kwamba hakuwa na kitu.

"Huu ni wa kweli," nikasema. "Ni ngozi. Umeshonwa na mtu anayejua. Alikuwa nao huu mmoja."

Wengine wananiambia nilishindwa kusema uongo kwa sababu mimi ni mkweli. Si hivyo tu. Nilitaka wajue kwamba dada yangu alibeba kitu kizuri, na nilitaka wajue kwamba mimi ndiye ninayejua. Hiyo ya pili ndiyo inayonichefua.

Wifi hakungoja. "Kumbe! Mke wetu alitudanganya miaka yote!" Akaupokea, akaufungua, akaugeuza kichwa chini juu ya mkeka. Vikaanguka kadi ya kliniki, pipi mbili za mnanaa, kitambaa cha mkono, na kitana chenye nywele za dada yangu. Wifi akavikusanya kwa kiganja akamnyooshea binti.

"Chukua, mwanangu. Hivi ni vya mama yako. Sakoshi utanunuliwa nyingine, wewe bado mtoto."

"Shangazi, hiyo ya kahawia ni yangu," binti akasema, kwa Kiswahili, chote, bila neno la Kiingereza. Sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi nzima ya Kiswahili.

"Ya kwako kwa vipi? Nani alikupa?"

Akanigeukia mimi. Nikasema, "Wifi, mwachie. Mama yake alikuwa akimbebesha Jumapili."

"Mwenyewe umesema ni ya kweli. Ingekuwa takataka ningemwachia." Akaning'iniza mkoba begani, akaubana kwapani, akachukua kisamaki kingine.

Wanawake wa kanisa walitazama hita. Binti akachukua kitana peke yake. Vingine vikabaki kwenye kiganja cha shangazi yake mpaka akavirudisha mkekani na kujifuta.

Waliondoka saa tisa. Niliwasindikiza hadi getini kwa sababu ndiyo adabu. Wifi akanikumbatia, na ule mkoba ukanibana kifuani kati yetu. Kisha nikarudi, nikafunga mfuko wa taka kwa uzi, nikaubeba hadi kwenye pipa la mtaani. Ulikuwa mwepesi. Mikoba tisa, viatu, gauni, havikufika uzito wa mtoto.

Niliporudi mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Nikamwita jina lake, nikamwambia ni mimi, mama mdogo. Akaongeza sauti ya redio.