Pulchérie na Bibi Harusi wa Noeli

Pulchérie alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Kwenye kwaya ya Wakatoliki wa Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwalimu wa nyimbo alimpanga mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili nusu ya sauti hiyo itoke nje na wengine nao wasikike. Siku za kazi aliuza mandazi mbele ya kibanda cha sinema cha Nestor, Mrundi mwenzake. Hapo ndipo lilipoanzia jambo ambalo mume wake, Barnabé, hadi leo hapendi litajwe watu wakiwa wanakula.

Kibanda kilikuwa cha mabati, kina mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, televisheni kubwa moja na jenereta iliyokohoa kuliko ilivyonguruma. Filamu zenyewe zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo palihitajika mtu wa kushika maikrofoni na kuzitafsiri huku watu wakitazama. Uganda nzima humwita mtu huyo vijei. Vijei wa Nestor alikuwa Claude, kijana wa Bukavu aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya giza la kibanda.

Pulchérie hakuwa na Kiingereza zaidi ya kile cha kuuzia mandazi, ila kutojua lugha hakukuwahi kumzuia mtu wa ukoo wao kuchangia mazungumzo. Alikuwa akiinua pazia na kuwaonya watu wa kwenye filamu: "Usimufungulie mulango huyo! Ana macho ya mwizi!" Nestor alishamfukuza mara nyingi. Aliondoka bila ubishi, kisha akarudi na mandazi ya moto, na nani atamfukuza mtu mwenye mandazi ya moto?

Wiki ya Noeli Nestor akaleta filamu za sikukuu, na kibanda kikajaa akina mama na watoto wao. Mchana huo huo Claude akaja ametoka kung'olewa jino, shavu limevimba kama papai. Alishika maikrofoni, akafungua kinywa, na kilichotoka ni, "Wawa wawawa wa Noeli."

Watu wakangoja. Labda ndivyo wanavyosema huko Ulaya.

"Wawawa," Claude akaendelea, machozi yakimtoka chini ya miwani.

Mabenchi yakaanza kulalamika. Nestor akatoka nje mbio, akamkuta Pulchérie akigeuza mandazi kwenye mafuta.

"Mama Doriane, nisaidie. Ingia useme kitu."

"Niseme nini? Mimi Kizungu sikijui."

"Na siku zote hizi ulikuwa unasema nini?"

Pulchérie akaona neno hilo lina haki ndani yake. Akaepua sufuria, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaingia.

Filamu ilikuwa ya msichana wa mjini aliyerudi kwao mlimani kwa ajili ya Noeli, akiwa na mchumba mwenye tai. Huko mlimani kulikuwa na kijana mwingine, mwenye ndevu na shoka, ambaye kila akikutana na huyo msichana wote wawili walidondosha vitu. Hayo yalionekana kwa macho. Yaliyobaki aliyatengeneza Pulchérie.

"Huyu musichana," alianza, bila kuhitaji maikrofoni, "alitumwa mujini kusoma. Amerudi na huyu wa tai, ambaye hajatoa hata mbuzi moja. Baba yake amekasirika. Muone anavyokoroga chai."

Theluji ikaanza kuanguka. Pulchérie alisita kidogo tu. "Yesu Maria! Unga wa musaada umemwagika inchi nzima, na hakuna mutu hata moja amekuja na gunia!"

Kibanda kizima kikaguna kwa uchungu. Mama mmoja alisimama kabisa, kana kwamba anatafuta gunia lake.

Mti mzima ulipoingizwa sebuleni, alieleza kwamba watu hao wamekosa kuni kavu. Mzee mnene mwenye nguo nyekundu alipotokea, akasema ni kardinali, wasimame. Na watu wakasimama. Wanyama waliomvuta kardinali angani walikuwa ng'ombe wa Endiinzi, wale wa pembe ndefu, ila baridi ya huko imewachipusha pembe matawi. Na midomo ya msichana na ya mwenye ndevu ilipoanza kukaribiana chini ya tawi la majani, Pulchérie, ambaye alikuwa akifundisha watoto katekisimu kila Jumamosi, alinguruma: "Watoto, fumbeni macho! Anamunongoneza siri, lakini sikio lake liko na baridi, kwa hiyo anapitisha mu mudomo!"

Kabla ya mwisho jenereta ikaishiwa mafuta, kama kawaida yake. Hakuna aliyejali. Watu walitoka wakigombana: je, baba atamkubali mwenye shoka?

Kati ya waliotoka alikuwamo mwanamke wa Mbarara aitwaye Atuhaire, mke wa sajini wa barakisi, kambi ya jeshi ya huko, aliyekuja Nakivale kununua maharage akaingia kibandani kukwepa mvua. Alikuwa amecheka hadi mkanda wa kiatu ukakatika.

"Nyabo, mama," alimwambia Pulchérie, akiwa amekishika kiatu mkononi, "mimi nilisikia vijei wa Kampala, nilisikia wa Mbarara. Hakuna mtu kama wewe. Sisi wanawake ya barakisi tuko na sherehe ya Krismasi. Tumekodi sinema huko Nyamityobora. Wewe lazima kuja, na hiyo filamu kuja nayo."

Barnabé aliposikia, aliweka jembe chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alizoea kuiambia migomba yake.

"Mama Doriane, kule kutajaa basoda na bunduki zao. Siku utamutukana afisa, nani atanirudishia muke?"

"Simutukani mutu. Ninatafsiri."

"Hicho ndicho kinaniogopesha."

Wakakubaliana kwamba Barnabé ataenda naye na kukaa nyuma yake. Kila akizidisha, atamvuta kitenge. Binti yao wa pekee, Doriane, aliyekuwa akisuka nywele za jirani, aliwaambia wachukue kitenge imara.

Gari la Atuhaire liliwapitisha Isingiro hadi Mbarara asubuhi ya siku mbili kabla ya Noeli. Ukumbi wa Nyamityobora ulimtisha Pulchérie kwanza: viti vyenye mgongo, ukuta mzima wa kuonyeshea picha, na askari wamevaa mashati ya sikukuu lakini wamekaa wima kama wako paredi. Watoto wao walikuwa na soda. Mbele kabisa alikaa Sajini Jonan, mume wa Atuhaire, mtu mpana mwenye masharubu.

Filamu ikaanza. Kwa dakika chache za mwanzo Pulchérie alisema polepole, kwa adabu. Kisha theluji ikaanguka, unga ukamwagika, akina mama wa barakisi wakapiga kelele, na adabu ikamtoka. Alimwelezea yule mwenye tai kuwa ni mtu wa kuoga kwa maji ya chupa. Barnabé akavuta kitenge. Alisema mama wa msichana anapika keki kwa hasira kwa sababu mume wake hurudi kutoka kazini na buti za matope kama wanaume fulani aliowaona humu ndani. Barnabé akavuta kwa mikono miwili.

Alipomfanya msichana aseme baba anataka ng'ombe, luteni mmoja kijana, aliyesoma, akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Huyo msichana hakusema baba anataka ng'ombe. Amesema, 'Nipe sukari.'"

Barnabé alifumba macho akaanza Salamu Maria.

"Afande," Pulchérie akasema, "umesikia vizuri. Lakini uliona mutu anaomba sukari na machozi?"

Luteni akaangalia ukutani. Msichana kweli alikuwa akilia.

"Hapana," akakiri.

"Basi kaa chini, ssebo, tuangalie sinema," akasema mwanamke aliyekaa pembeni yake, na ilionekana ni mke wake, kwa sababu luteni alikaa.

Wakafika mahali ambapo Nakivale hawakuwahi kuvuka. Msichana amesimama mbele ya nyumba, upande huu tai, upande ule ndevu, kardinali akipita juu na ng'ombe wake. Msichana akavuta pumzi ili aseme.

Umeme ukakatika.

Ukumbi ulilia kwa sauti moja. Mtu akafungua mapazia, jua la mchana likaingia, na watu wakabaki wakitazamana na ukuta mtupu. Pulchérie hakujua kabisa filamu inaishaje. Lakini alikuwa ameshika maikrofoni isiyo na umeme, na askari wote wa Mbarara, hivyo ndivyo alivyoona yeye, walikuwa wakimtazama.

"Umeme umeenda," akatangaza, "lakini harusi haiwezi kungojea umeme. Nani anasemea upande wa mwenye ndevu?"

Sajini Jonan akasimama kabla hajafikiri. "Mimi!"

"Na upande wa tai?"

Hakuna aliyesimama. Mwenye tai alikuwa peke yake duniani.

"Baba wa msichana je?" akauliza Atuhaire.

Pulchérie akageuka nyuma. Barnabé alikuwa bado ameshika pindo la kitenge. Akina mama wakamnyanyua kwa makwapa, wakampeleka mbele, wakampa kiti na soda. Alikaa. Pulchérie alianza kutubu moyoni kwa kumletea mtu mpole balaa.

Kisha Barnabé akajikohoza.

"Nimeona watu mulangoni kwangu," akasema, kwa sauti ambayo mke wake hakuwa ameisikia tangu wakiwa wachumba. "Sijui kama wamepotea njia, ama wamefuata harufu ya pombe."

Ukumbi ukalipuka. Sajini Jonan, Mnyankole aliyekulia kwenye mazizi, alijua dawa ya maneno hayo ya posa. Akavua kofia.

"Mzee, sisi hatujapotea. Tumeona ua hapa kwako. Mbuzi yetu imekataa kupita."

"Mbuzi wenu ni wa ndevu?"

"Ni wa ndevu, mzee."

"Ana kazi?"

"Anakata miti."

"Miti ya nani?"

Askari wa nyuma wakamnong'oneza Sajini jibu, akasema ni miti ya urithi. Barnabé akasema urithi autazame kwanza. Wakapanda, wakashuka kwenye mahari. Sajini alitoa ng'ombe wa pembe ndefu; Barnabé akauliza kama ni wale wa kawaida au wale wa kuruka, maana wa kuruka atawafungia wapi? Sajini akaapa kwa jina la kikosi chake kwamba atajenga zizi lenye paa. Akina mama wakadai blanketi la bibi wa msichana, kwa vile baridi ya mlimani wameiona wenyewe. Luteni aliyesoma akasimama ghafla akadai buti za kaka wa msichana. Alishangiliwa sana, akakaa akitabasamu.

Mwishowe Barnabé akainuka. "Binti yangu," akasema, akiuangalia ukuta mtupu, "nilimulea na shida. Alitoka hapa akaenda mujini, akarudi. Leo namutoa. Mumutunze." Akatoa kitambaa akajifuta macho, na akina mama wa barakisi wakapiga vigelegele hadi muuza chapati wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza nani anaoa.

Sajini Jonan alikuwa anamkumbatia mkwe wake mpya umeme uliporudi.

Picha ikawaka ukutani. Msichana aliivuta ile pumzi yake, akasema maneno machache, akampa mwenye tai mkono, akampa mwenye ndevu mkono, akabeba begi lake akapanda treni. Peke yake. Treni ikaondoka ndani ya unga. Majina yakaanza kupanda.

"Anaenda wapi?" Sajini Jonan akauliza.

"Amesema hataki kuolewa," luteni akaeleza, naye sasa kavunjika moyo. "Anaenda mjini kufungua duka la keki."

"Na ng'ombe yangu?"

"Tumeshakubaliana!" Barnabé alipiga kelele, soda ikimwagika. "Mutoto wa namna gani huyu? Ananiaibisha mbele ya wakwe! Rudisheni hiyo treni!"

Askari wakasimama. Watoto wakaanza kulia. Mwonyeshaji wa filamu, kijana mwoga, akajificha nyuma ya mashine yake. Pulchérie akaona sikukuu nzima ya barakisi ikienda na treni. Safari hii maikrofoni ilikuwa na umeme.

"Nani amesema hataki?" alinguruma, na vioo vikatetemeka. "Luteni, ulisikia nusu! Anaenda kununua gauni ya harusi! Mulitaka aolewe na ile koti?"

Watu wakafikiri. Koti kweli lilikuwa baya. Luteni akamtazama mke wake, mke wake akamtazama yeye, naye akasema, "Ndiyo, sasa nakumbuka. Alitaja gauni."

Basi wakaketi, wakala nyama na ndizi, na Sajini Jonan alimwita Barnabé mkwe hadi gari likawasha taa za kurudi. Claude alipopona shavu alimkuta Pulchérie amewekewa kiti chake mwenyewe kibandani. Wakagawana kazi, yeye filamu za kupigana, mama filamu za kuoana. Katika zile za kupigana mandazi yaliendelea kuuzwa, ila pazia lilifungwa kwa pini.

Lakini Barnabé hakurudi mzima. Njiani, baada ya Isingiro, aliuliza mara moja tu gauni huuzwa wapi huko Ulaya. Na asubuhi ya Noeli, kanisani Juru, padri alipowaalika waumini kutoa nia zao za sala, alisimama, kofia mkononi, mbele ya watu wote.

"Tumuombee binti yetu aliye safarini," akasema, "Mungu amurudishe nyumbani salama, kabla wakwe hawajachoka."

"Utusikie, ee Bwana," wakaitika watu.

Padri akageuka, akamwona Doriane ameketi pale pale kati ya wazazi wake, amevaa nguo mpya, mdomo wazi. Akamtazama Pulchérie kwa maswali.

Pulchérie akainama kidogo mbele. "Padiri," akanong'ona, na kanisa zima likasikia, "huyo wa safarini ni wa upande wa baba."