Siku Simu Yangu Ilipomwita Mama Mwenyekiti Mghushi

Hata leo mtu akitaja soko la Ndalu mimi naangalia chini, lakini wacha niwaambie tu, mcheke mmalize.

Mimi natengeneza programu Kitale, na mwenzangu Nekesa yuko Bungoma, pale Kanduyi. Kikundi cha wakulima wa Ndalu kilitupatia kazi: kila mwanachama atumiwe tiketi ya mbegu kwa simu, na kila tiketi iwe na muhuri wa tarakimu unaotengenezwa kwa ufunguo wa siri, ndio mtu asighushi. Mimi huku napiga muhuri, programu ya Nekesa inaukagua, ufunguo ni mmoja. Nekesa akasema, "Tujaribu pamoja kwanza." Nikamjibu ya nini, si ufunguo umenitumia na nimeukopi vile uko? (Kiburi, bana.)

Siku ya kugawa mbegu uwanja umejaa, maikrofoni mkononi, na wa kwanza ni mwenyekiti mwenyewe, Mama Nafula. Nikakagua tiketi yake kwa programu ya Nekesa kwenye simu yangu. Simu ikawaka nyekundu: YA KUGHUSHI.

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi huyo kwa maikrofoni: "Mama, hii mashine haidanganyi."

"Ati mimi ni mwizi? Mimi niliyekuita hapa?"

Akaja mchungaji, nyekundu. Akaja Mzee Juma, muadhini wa msikiti, nyekundu. Mtu akapiga kelele, "Basi Ndalu yote ni wezi!" watu wakaangua kicheko, na mimi nikajaribu tiketi yangu mwenyewe ya majaribio. Nyekundu pia.

Nikampigia Nekesa.

"Ufunguo uliuweka aje?"

"Vile uliuandika."

"Hukuugeuza kuwa baiti, zile namba kompyuta inazosoma? Hizo herufi sitini na nne ni maandishi tu, kila mbili ni baiti moja, ufunguo wenyewe ni baiti thelathini na mbili! Hiyo maktaba ya kupiga muhuri, hiyo programu ya watu uliyoazima, haikuulizi kitu, ukiipa maandishi inayachukua hivyo hivyo, halafu muhuri wako na wangu haifanani kamwe!"

"Lakini ni ule ule, sikiza," nikasema, nikaanza kuusoma, herufi moja moja. Nekesa akawa anapayuka, "Nyamaza! Nyamaza!" nami nikadhani mtandao ni mbaya hanisikii, nikaongeza sauti, kumbe maikrofoni bado iko wazi chini ya kidevu changu na ufunguo wa siri unasikika soko zima. Nilipomaliza, mwalimu mmoja mstaarabu sana akaniletea karatasi: alikuwa ameuandika wote, ati nisije nikausahau.

Mbegu ziligawiwa kwa kusoma majina kwenye daftari. Nekesa alitengeneza ufunguo mpya, tukatuma tiketi zote upya, na Mama Nafula alipoona kijani akauliza, "Kwa hivyo leo mimi ni mtu wa kweli?" Nikamwomba msamaha mbele ya wote, akacheka mpaka akashika mbavu.

Nimeapa: sitawahi kuipa maktaba yoyote ufunguo kabla sijasoma inataka maandishi ama baiti. Na mashine ikisema mama wa watu ni mwongo, nitaanza kwa kujishuku mwenyewe.