Darubini kwa Jicho Lililobaki

Askari mstaafu wa mbugani alikuja dukani kwangu Kabalagala siku tatu mfululizo kuchagua darubini ya jicho moja, kwa sababu jicho lake la kushoto lilikufa zamani. Kila darubini aliifuta lenzi kwa pindo la shati, akabana kiwiko ubavuni, akazuia pumzi na kutazama mapaa ya mabati ya mtaa wa Kisugu, ng'ambo. Mkono haukutetemeka. Ile ya kukuza mara kumi na mbili aliirudisha mezani. "Hii, picha yake inacheza sana," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba swala wamesimama mlangoni. "Nipe ya mara nane, ya kioo kubwa. Swala wanatoka jioni, mwanga kidogo." Alitaka kurudi mbugani Desemba, awatazame wanyama aliowalinda miaka ishirini.

Siku ya tatu nilimpa iliyo bora kuliko zote. Akazungusha pete ya kulenga mbele, nyuma, mbele tena.

"Madam, leo iko ukungu?"

Jua lilikuwa kali. Kwa macho matupu niliona hata nguo zilizoanikwa Kisugu. Ningeweza kuitikia tu, nikauza.

"Hapana, afande. Hakuna ukungu."

Alibaki ameishikilia jichoni muda mrefu, lakini vidole vyake havikuizungusha tena ile pete. Kisha akaishusha taratibu, akaifunika.

"Nitaenda na binti yangu," alisema. "Yeye ataniambia anaona nini. Mikono yake ni midogo, madam. Iko nyingine nyepesi?"