Baiskeli Iliyobaki Ufukweni

Mwaka ule tuliokula ugali wa muhogo na dagaa asubuhi na jioni, mjukuu wangu aliingia klabu ya wanaoogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote siku moja. Alikuwaga wa kwanza. Nilijivuna sokoni Mukendo mpaka wenzangu wakanichoka.

Siku ya mashindano nilimshikia baiskeli ufukweni. Wenzake walitoka ziwani mmoja mmoja, wakarukia baiskeli zao kuelekea Bunda. Niliyoshika mimi ikabaki. Nikacheka kwa sauti: "Leo anaogelea kama ng'ombe!" Nilicheka, jamani, kumbe maji yameshammeza.

Hatukumpata. Kwetu, mtu asiyepatikana huzikwa mgomba badala yake. Baada ya miezi miwili watu wa klabu walikuja kwangu Butiama, wamebeba mgomba uliofungwa sanda.

"Bibi, tumzike, na wewe upumzike."

"Mgomba siuziki mimi."

"Bibi yetu, ukoo umeshachimba kaburi."

Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta. Nikaenda nikaishika usukani, kama siku ile.

"Mgomba siuziki mimi."