Mlango Mfupi wa Nyuma

Nyumba ya mzungu wa mkonge, nje kidogo ya Msambweni, ilikaa juu ya kilima alikofukuzwa babu yangu. Makaburi ya wazee wetu yalibaki huko huko, nyuma ya jiko. Aliyeijenga ni baba yangu, mwashi hodari: kuta nene za matumbawe, baraza pande tatu, ngazi saba za mbele za kupandia wageni. Nyuma, mzungu aliagiza mlango mfupi wa wafanyakazi, ili kila aingiaye ainame. Baba akaujenga vivyo hivyo. Kazi ni kazi, alisema, na neno hilo mpaka leo sijamsamehe.

Uhuru ulipokuja mzungu akaondoka na mbwa wake. Tukaambiwa ardhi itarudi kwa wenyewe. Nyumba ikakaa tupu mwaka mzima, na baba akaitunza: akachoma chokaa, akapaka kuta, akaziba nyufa za baraza. Ndani hakutia mguu. Kila Ijumaa baada ya sala alisimama ngazini akapiga hodi mara tatu, kama dini inavyotufundisha, na asipojibiwa akarudi nyumbani.

"Baba, humo hamna mtu," nilimwambia. "Tuingie tu. Ni kwetu."

"Mwanangu, nyumba ya watu haiingiliwi kama zizi. Serikali itatukaribisha."

Majirani walimcheka. Mla ni mla leo, walimwambia, mla jana kala nini? Mimi nilicheka nao, kwa hasira. Adabu ya baba ilikuwa nzuri, ila haikuwa na hati.

Aliyekuja na hati alitoka bara kwa gari jeusi. Hakupiga hodi. Alipanda ngazi zote saba na viatu vyake, akazitazama kuta nyeupe, akasema nyumba imetunzwa vizuri.

Wiki ile ile baba alivaa kanzu, akanishika mkono, tukaenda kumwomba atuachie makaburi yetu tu. Akasimama ngazini. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, sauti ikajibu kutoka ndani:

"Zunguka nyuma, mzee."

Baba alisimama kidogo, kiganja juu ya ukuta alioupaka chokaa mwenyewe. Kisha akazunguka, nami nikamfuata.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa, nikapita wima. Yeye aliinama.