Picha ya Mama na Babu

Enzi zetu pale Tukuyu, kupigwa picha ilikuwa shughuli ya ukoo mzima. Si kama ninyi vijana mnaopiga picha hata sahani ya chipsi kabla haijapoa. Baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi migodini Chunya, alikuja likizo na kamera ndogo ya kukunja, ya kuingia mfuko wa koti, na siku hiyo hata wavivu wa kuoga walioga.

Watu walikakamaa mbele yake kama wanaosubiri sindano. Yeye hakutaka hivyo. "Chekeni bwana! Picha yenyewe haina rangi, basi sura iseme!"

Alianza na babu. Alimketisha kwenye kiti mbele ya mlango, kamera akaituliza juu ya kinu kilichopinduliwa. Babu alitazama pembeni, kiko mdomoni. Kisha akaondoka, tena mbali, maana ilikuwa zamu ya mama yetu. Kwa sisi Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Babu alikohoa kila alipokaribia uani, mama akatokomea migombani. Mama ndiye aliyempikia, lakini waliompelekea chakula ni sisi watoto. Miaka yote hiyo babu hakuwahi kuuona uso wa mama.

Mama akasimama kando ya kile kiti. Manyunyu yakaanza, baba mdogo akaharakisha, akamtania shemeji yake mpaka akacheka meno yote nje. Katika haraka ile alisahau kuzungusha filamu. Kamera zile, usipozungusha, picha ya pili inalalia ya kwanza.

Filamu ikasafishwa Mbeya mjini. Picha iliporudi tulijazana jikoni kuitazama. Babu kaketi, mama kasimama ubavuni pake anacheka, na babu kama anamtazama yeye! Mama akajifunika uso kwa kanga, akalia. "Nitaishije hapa? Watasema nimemcheka mkwe!" Bibi akainyakua aitupe motoni. Mara tukasikia kikohozi nje. Mama akatoroka kwa mlango wa nyuma.

Babu akaingia, akaitwaa ile picha mkononi mwa bibi, akaitazama mpaka kiko chake kikazimika. Nilimpenda sana babu wakati ule.

"Msiichome," alisema. "Mwambieni mwanangu asilie. Mimi sijamwona yeye. Nimeona karatasi."

Akaitia mfukoni. Tulimkimbilia mama migombani na maneno hayo, naye akacheka huku machozi bado yanamtoka. Kesho yake babu alikohoa kama kawaida na mama akajificha kama kawaida, ila safari hii alikuwa anaimba.

Siku hizi wake za wanangu wanakaa nami kochi moja, tunapiga picha mpaka simu inajaa. Nafurahi, sikatai, mama angelipenda hilo. Lakini katika wote hao, sijaona hata mmoja aliyenitazama kwa muda ule babu alioitazama karatasi.